Karani na Kisanduku cha Sita

Jumatatu, 4 Machi

Mmiliki: mtu mwenye mamlaka matatu juu ya kitu, yote kwa pamoja — kukitumia, kumkabidhi mwingine, na kukiangamiza. Likipungua moja, huyo si mmiliki. Ni mpangaji, au mwangalizi, au mpita njia aliyeshikishwa mzigo. Nimeifundisha fasili hii kwa miaka thelathini na moja. Hakuna mwanafunzi aliyeitoboa, ingawa wengi walilala wakijaribu.

Leo imenifaa. Ofisi ya mifugo, dirisha la pili. Hati ya kusafirisha mnyama: kurasa mbili, visanduku kumi na vinne. Aina: mbwa. Jina: Karani. Umri: miaka kumi na mmoja. Rangi — hapa nilisita. Ana rangi ya tambara la kudekia. Niliandika "kijivu". Kisanduku cha sita: Mmiliki.

Dada yangu alifariki wiki tatu zilizopita. Ameacha barua ya mistari minne, na mitatu ni ya mbwa: Karani apelekwe kwa binti yangu, asipelekwe kwingine, kaka yangu ampeleke mwenyewe. Mstari wa nne ni wa vyombo. Huyo binti, mpwa wangu, anaishi mwisho wa reli, siku mbili na kubadilisha treni mara moja. Nilimpigia simu. Alisema, sawa mjomba, tutaona.

Kwa hiyo: mmiliki wa zamani yuko kaburini. Mmiliki mpya hajakabidhiwa. Mimi ni mchukuzi. Niliandika: "Kwa sasa hana."

Mama wa dirishani alisoma, akaniangalia juu ya miwani. Mzee, andika jina lako tu, kila mtu anaandika jina lake. Nilimjibu kwamba "kila mtu" si hoja. Alipiga muhuri huku akitikisa kichwa. Nilitoka nimeridhika kupita kiasi. Naliandika hilo ili nisije kulisahau.

Sasa amelala chini ya meza yangu, juu ya blanketi lake nililomfulia. Harufu ya gunia lililolowa, likaanikwa kivulini, likalowa tena. Jicho la kushoto linatoa utomvu. Anajiramba mahali ambapo kiumbe yeyote mwenye haya angesubiri faragha, na sauti yake ni ya mtu anayekunywa uji kwa pupa. Dada alimwita Karani kwa sababu alikaa mlangoni kukagua kila anayeingia, akimnusa toka viatu hadi magoti kama anatafuta muhuri uliokosekana. Akiridhika, husogea pembeni. Mimi alinikagua kwa miaka tisa. Hakuwahi kusogea pembeni anipishe hata siku moja.

Jumanne, 5 Machi

Treni imeondoka saa mbili na robo asubuhi, robo saa nyuma ya saa iliyochapwa kwenye tiketi. Mkagua tiketi alitazama tiketi, akatazama mbwa, akatazama hati, akasema mbwa akae chini ya kiti na asionekane. Asionekane na nani? Na mimi, akasema. Jibu zuri, kwa kweli.

Chumba ni cha watu wanne. Tuko wawili. Wa tatu alifungua mlango, akavuta pumzi moja, akaufunga. Wa nne hakutokea. Mwenzangu ni fundi cherehani, mwanamke wa makamo, ameipakata cherehani yake kama mtoto mgonjwa. Anakula mayai ya kuchemsha tangu kituo cha kwanza. Maganda anayatia mfukoni. Mfukoni!

Saa nne. Karani ametoa hewa. Hakuna namna ya kistaarabu ya kuliandika hili. Fundi alicheka hadi akafuta machozi: "Mzee, huyo umemlisha nini, betri?" Nilimweleza kwamba hali chochote nje ya orodha aliyoiacha marehemu. "Basi marehemu alikuwa na siri nzito."

Saa sita. Amekula kalamu yangu. Ya wino, zawadi ya idara siku niliyostaafu. Nilimwona wakati kifuniko kinapasuka. Ulimi wote buluu, ndevu buluu, mate ya buluu kwenye soksi ya kushoto — yamepenya, nayasikia kwenye vidole. Kuanzia hapa naandika kwa penseli.

Saa tisa. Kituo kikubwa, dakika ishirini. Nilimbeba ngazini, maana magoti yake hayakunjiki tena. Kilo ishirini na mbili, na kidevu chake chenye unyevu kikiwa shingoni mwangu. Alichagua katikati ya jukwaa, mbele ya watu. Nilikuwa na gazeti. Nililikunja mara mbili, nikakinga, nikaokota. Ule ujoto! Unapita kwenye karatasi, unafika kiganjani kama kitu kilicho hai. Miaka thelathini na moja ya sheria ya mali, na mkononi nimeshika kitu pekee ambacho hakuna mahakama iliyowahi kuombwa iamue ni cha nani. Nilinawa mara tatu. Mara ya nne nilinawa kwa sababu ya zile tatu.

Niliporudi, fundi alinipa nusu yai. Nilikataa kwa shukrani. Akampa Karani, akamwachia alambe vidole, kimoja kimoja, kisha kwa vidole vilevile akamenya yai jingine akala. Niligeukia dirishani mpaka alipomaliza kutafuna.

Dada yangu alikuwa vivyo hivyo. Alimwachia alambe sahani. Kwa miaka tisa nilikwenda kwake na sahani yangu na kijiko changu ndani ya mkoba, nikaviosha mwenyewe, nikaondoka navyo. Alizoea kuwaambia majirani: huyu kaka yangu, msimwone hivi, ni mgeni wa hotelini. Sikuona utani. Nilikuwa nalinda tumbo.

Jioni fundi aliuliza, huyu ni wa nani hasa? Nilimweleza habari ya kisanduku cha sita, hoja baada ya hoja, kwa mpangilio. Alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alisema: "Yaani umemfulia blanketi, umembeba ngazini, umemwokotea mavi — halafu si wako?"

Ndiyo, nikasema.

"Kweli wewe msomi."

Hakulitamka kama sifa.

Jumatano, 6 Machi

Stesheni ya makutano. Abiria wote hushuka kusubiri treni ya pili, na wanyama wote hupitishwa ofisi ya mifugo. Leo: mbuzi watatu, kasuku mmoja kwenye tundu, Karani.

Afisa mifugo ni mtu mnene, mpole, amevaa koti lililowahi kuwa jeupe. Anasafisha sikio kwa kifuniko cha kalamu. Anakizungusha, anakitoa, anakitazama — kwa makini, kama asomaye kipimajoto — anakipangusa pajani, anakirudisha kwenye kalamu. Kalamu imefungwa mezani kwa uzi ili isiibiwe. Hakuna wa kuiiba.

"Ulimi huu vipi, mzee?"

Wino.

"Wino?"

Alikula kalamu. Aliandika: ulimi buluu, maelezo yametolewa. Nilimheshimu kidogo kwa hilo. Kisha akafika kisanduku cha sita na akaacha kuandika.

"Mbwa hana mwenyewe?"

Kwa sasa, nikasema.

"Sasa hivi hii?"

Ndiyo.

"Na wewe ni nani?"

Mchukuzi. Alilirudia neno taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi na kukosa chumvi. Halafu akanigeuzia kitabu cha kanuni nisome mwenyewe. Mzee anaonekana amesoma, alisema. Kanuni ya kumi na tisa: mnyama asafirishwaye bila mmiliki atazuiliwa kwa saa arobaini na nane, na asipojitokeza mmiliki, ataangamizwa. Mwisho. Imeandikwa vizuri. Haina neno la ziada. Mwandishi wake ningempa alama za juu — na hapo ndipo nilipojishtukia, maana jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa alama, na mbwa alikuja wa pili.

Saa ilikuwa nane kamili mchana. Kwa hiyo Ijumaa, saa nane.

Afisa alisema kazi ni ndogo. Ipo fomu. Tamko la umiliki, ukurasa mmoja, unasaini, mnapanda treni. Nilisoma: "Ninatamka kwamba mimi ndiye mmiliki wa mnyama huyu, na kwamba nilikuwa mmiliki wake tangu mwanzo wa safari." Nikamwambia siwezi. Kuwa mmiliki leo, labda. Kutamka kwamba nilikuwa mmiliki Jumatatu, wakati Jumatatu niliandika kinyume chake, kwa mkono wangu, mbele ya muhuri — huo ni uongo.

"Uongo mdogo, mzee."

Uongo hauna saizi.

Fundi alikuwa kwenye foleni ya chai hapo mlangoni, amesikia yote. Aliingia na cherehani kichwani. "Basi niandike mimi! Wangu! Haya, leta hiyo kalamu." Na afisa — naapa — alikwisha kumsogezea karatasi. Mimi ndiye niliyeweka mkono juu ya karatasi hiyo. Nilisema yeye ni mpita njia, hana haki yoyote, na nisingekubali kushuhudia. Afisa akaikunja fomu. Fundi alishusha cherehani kichwani. Hakucheka.

"Msiba wa kujitakia hauna kilio, mzee."

Aliacha mayai mawili juu ya meza, ameyafunga kwa kipande cha kitambaa, akasema ni ya Karani, si yangu. Treni ilipiga honi. Alipanda. Mimi nilibaki na tiketi mkononi.

Karani alipelekwa nyuma kwa kamba. Hakuvuta. Ndicho kilichonichukiza kuliko yote: alikwenda.

Alhamisi, 7 Machi

Nyumba ya wageni, mkabala na stesheni. Shuka ina unywele mmoja, mweusi, mrefu, si wangu. Sabuni imekwisha kutumiwa na mtu mwenye kucha. Nimelala na viatu.

Asubuhi nilipata njia safi kisheria: mpwa wangu aandike barua ya kupokea umiliki, aipitishe ofisi ya mifugo ya kwao, waitume leo. Basi mmiliki atakuwa amejitokeza, na hakuna atakayesema uongo. Nilifurahi. Niliinywa chai ya hapa hadi chini, pamoja na kile kilichokuwa chini.

Nilimpigia saa tatu. Mtoto alikuwa analia nyuma yake.

"Mjomba, shikamoo. Mmefika wapi?"

Nilimweleza. Alimbembeleza mtoto kwanza. Halafu:

"Mjomba, mimi nilisema tutaona."

Nilimwambia nakumbuka neno hilo, nililiandika. Alisema ana mtoto mchanga, nyumba ni vyumba viwili, mume wake anapiga chafya akiona hata picha ya paka. Alisema mbwa mwenyewe ni mzee, ameshakula chumvi nyingi, haoni vizuri. "Si wamsaidie tu hapohapo?"

Wamsaidie! Nilimuuliza ana maana gani kwa kusaidia. Alisema, mjomba, usinifanyie hivyo, mimi si darasa lako. Kisha sauti ikashuka. Alisema: "Hata wewe ulikuwa humpendi. Mama aliniambia. Alisema, mjomba wako anakuja kila siku, lakini anasimama mlangoni."

Nilisema mtandao ni mbaya. Haukuwa mbaya.

Mchana. Ukweli wa jambo, kwa mpangilio. Wiki sita za mwisho dada hakuinuka kitandani. Mbwa alilala miguuni pake, juu ya shuka, na chumba kilinuka yeye, na dawa, na mwili. Nilikwenda kila siku saa kumi. Nilisimama kizingitini na leso puani. Dada alikuwa akisema: Karani, mpishe kaka yangu apite. Mbwa alishuka, akaja, akaninusa, akakaa palepale mbele yangu. Nami nilisema: unaona, hanipishi. Tulicheka wote wawili. Siku arobaini na mbili. Ningeweza kumvuka. Ni mbwa wa kufika magotini.

Jioni. Nilikwenda nyuma ya ofisi. Vibanda sita vya saruji, sakafu imemwagiwa dawa inayochoma macho, mfereji wa katikati umeziba na kilichouziba kinaonekana. Kibanda cha tatu. Chakula hajakigusa, nzi wamekigusa kwa niaba yake. Niliomba kuingia. Mlinzi wa vibanda alisema kwa adabu kabisa: samahani mzee, ndani wanaingia wenye wanyama tu.

Nilisimama mlangoni.

Ijumaa, 8 Machi

Saa mbili asubuhi. Nimelipeleka yai moja. Jingine limeoza, au lilikuwa limeoza tangu mwanzo; sikuweza kulinusa nikaamua. Mlinzi aliruhusu nilipitishe kati ya nondo. Nililimenya. Sijawahi kummenyea mtu yai. Karani aliinuka kwa awamu, nyuma kwanza, akaja. Hakulitazama yai. Aliweka pua kwenye nondo akaanza na kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, kisha soksi yenye wino, kisha goti. Kazi yake yote, kwa makini, bila haraka. Kisha akasogea pembeni.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Hapakuwa na pa kupita. Lakini alisogea pembeni.

Sisemi maana yake. Huenda alichoka kusimama. Alikula yai, akanilamba vidole. Ulimi bado una ubuluu pembezoni. Una joto, una mchanga kidogo, kama ulimi wowote. Niliuacha mkono pale mpaka mlinzi akakohoa.

Saa nne. Sijanawa. Si kwa kusudi; bomba la nyumba ya wageni halitoi maji. Ila naona naandika "si kwa kusudi" bila kuulizwa na mtu.

Saa saba na dakika kumi. Ofisini, kwenye benchi. Afisa ananiambia simu haijaingia kutoka kwa mpwa wangu, na hataki kunidanganya, haitaingia. Ameiweka fomu mezani, upande wangu. Ameweka kalamu juu yake. Ametaka wino, penseli hairuhusiwi. Niliuliza kama kuna kalamu nyingine. "Mzee," alisema, "tunayo hiyo hiyo moja tangu mwaka juzi." Amekwenda kunywa chai. Atarudi kabla ya saa nane, na daktari wake.

Dirisha linatazama nyuma. Namwona Karani amekaa, uso kwenye mlango wa kibanda. Yuko kazini.

Turudi kwenye fasili. Polepole.

Kukabidhi: nilikuwa nampeleka kwa mpwa wangu. Nilijiita mchukuzi, lakini barua ilikuwa kwangu, na nisingekwenda, asingekwenda. Hili nalikubali.

Kuangamiza: Jumatatu, dirisha la pili, niliandika maneno matatu, na kwa maneno hayo matatu atakufa saa nane. Hakuna mwingine aliyekuwa na kalamu. Nilidhani naandika kwamba sina mamlaka hayo, kumbe ndiyo niliyokuwa nayatumia. Tena juzi, na jana, na leo, kila dakika ninayokaa kwenye benchi hili naendelea kuyatumia. Hili nalikubali pia, na nalitazama kama afisa anavyotazama kifuniko chake.

Kutumia. Hapa nilitegemea kuokoka. Sijawahi kumtumia mbwa huyu kwa lolote: hakunilindia nyumba, hakuniwindia, sikumchezea, sikumgusa. Nilikwisha kuanza kuandika "kwa hiyo mamlaka ya kwanza hayapo". Penseli ilisimama yenyewe.

Hanipishi. Unaona, hanipishi. Nilimtumia. Kila siku, saa kumi, siku arobaini na mbili. Nilihitaji kitu cha kukaa kati yangu na kile kitanda, naye alikuwepo, nami nilimtumia kuliko dada alivyowahi kumtumia katika miaka yote. Haikuwa harufu yake niliyokuwa naiziba kwa leso.

Basi ni matatu. Yote kwa pamoja.

Saa saba na dakika arobaini. Nimeichukua kalamu. Kifuniko nimekivua kwa vidole vyangu. Kina ile nta ya sikio. Nimeandika jina langu juu kwa herufi kubwa. Afisa yuko mlangoni na mtu wa mkoba mweusi. Ananiuliza, vipi mzee, tumalize? Nimemwinulia kiganja — subiri. Wino unasubiri kwenye mstari wa mwisho, maana nimeusoma tena mstari wenyewe, na sitasaini nisichokielewa.

"Nilikuwa mmiliki wake tangu mwanzo wa safari." Sawa. Lakini safari hii, mimi niliyesimama mlangoni kwa muda wote ule, niliianza lini?